Nyimbo Ishirini na Nne

Gereji ya Orest, Saskachewani, Januari,
nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Kombaini imesogezwa kando, ngoma zipate pa kukaa;
hita inanguruma, inanuka mafuta ya taa,
na sisi wanne, makoti mwilini, tunagombana.

Paa la uwanja wa barafu liliporomoka kwa theluji wiki ya Krismasi.
Jumamosi tunapiga ukumbini, kiingilio dola kumi na tano,
fedha zote ziende kwenye mabati.
Nyimbo zilizopendekezwa: sitini na moja.
Nafasi zilizopo: ishirini na nne.
Kalamu ninayo mimi, mpiga besi,
kwa sababu, anasema Lorna, besi haina wimbo wake,
haiwezi kupendelea.

Delwyn anataka roki, ile ya zamani,
gitaa lilie dakika nne mfululizo
huku sisi wengine tukingoja kama foleni ya benki.
Lorna anataka kantri: lori, mvua, mume aliyeondoka na mbwa.
"Anayeliliwa ni mbwa," anatueleza. "Sikilizeni vizuri."
Orest anataka za polepole.
Vifundo vya mikono vimemvimba tangu mavuno,
ila hasemi hivyo; anasema
watu wa rika letu wanapenda kukumbatiana.

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwahi kusimamiwa na Bibi Pawluk,
pochi kifuani, mbele ya jukwaa,
akidai ule ule, ule tunaouchukia wote,
ambao kiitikio chake mtoto wa chekechea angeona haya kukitunga.
Nauandika wa kwanza. Naukata.
Naurudisha, wa tisa,
pale watu wanapokwenda kununua bia.

Tunajaribu. Lorna anaipanda ile noti ya juu
aliyokuwa akiifikia tulipokuwa na miaka thelathini na mbili;
sauti inafika ngazi ya mwisho, inatafuta mlango,
haiuoni.
Kimya. Hita tu.
"Tushuke nusu," nasema.
"Tushuke mbili," anasema yeye, na kujifanya anatafuta glavu.
Wimbo ni ule ule, umeshushwa tu,
kama rafu ya vikombe mwenye nyumba akianza kuinama.

Saa nne usiku tuna ishirini na tatu.
Delwyn anakaza uzi usiohitaji kukazwa.
Tunajua anachowaza:
ule wa kaka yake Garnet, aliouimba alfajiri
akiendesha mashine ya kulainisha barafu, peke yake,
mabati ya paa lile lile yakimwitikia.
Miaka sita hatujaupiga.
Si mzuri hata. Ubeti wa pili unapwaya
kama buti la kuazima.

"Nani ataimba?" anauliza Orest.
Hajibu mtu.
Delwyn anaanza, polepole kuliko tulivyozoea,
Orest anaingia kwa brashi badala ya vijiti,
nami naweka noti zangu nne, zile zile za maisha yote,
na wimbo unazunguka gerejini bila maneno
kama mtu anayepapasa swichi gizani
katika nyumba anayoijua.

Beti mbili. Kisha Orest: "Mmenitia njaa."

Kalamu imeganda, naipulizia pumzi, naandika:
ishirini na nne, wa Garnet, ufunguo wa G,
mwimbaji: tutaona.
Ni nyuma ya risiti ya ghala la nafaka;
upande wa pili, ngano ya mwaka jana,
unyevu asilimia kumi na nne, daraja la pili.

Nje, Lorna alisahau kuchomeka gari lake kwenye umeme,
na injini imekufa ganzi.
Tunalisukuma wote, yeye usukani mkono mmoja, mlango wazi,
akiimba ule tunaouchukia,
chini chini, mvuke ukimtoka,
na, Mungu anisamehe,
naitikia.