Wazamiaji

Jiwe lilifika Saskatuni mwezi wa Januari,
nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
limeviringwa magazeti yaliyoloa, limetoka Fiji kwa ndege:
kilo nne za matumbawe yaliyokufa. Ndivyo nilivyodhani.
Garth akauliza, hela yote hii, kwa kokoto?

Nikalizamisha tangini. Siku ya tatu
kokoto likaanza kutoa watu.

Kwanza kiti cha pweza, kidogo kuliko ukucha,
kikipanda kioo kana kwamba kinamtafuta pweza wake.
Kisha konokono asiye na haraka wala jina.
Kisha uzi mweupe uliorudi ndani kila nilipokohoa.
Hakuna niliyemwalika, hakuna aliyelipa nauli,
wazamiaji wote,
na mlango niliufungua mwenyewe.

Mimi huendesha greda la theluji.
Narudi saa kumi alfajiri, buti zikidondosha chumvi ya barabarani,
na kabla sijavua koti nachuchumaa mbele ya chumvi ile nyingine
na tochi niliyoifunga karatasi nyekundu ya peremende,
maana wekundu hawauoni, au wanajifanya.
Daftari gotini:
*Miguu, mingi. Rangi, ya kutu. Tabia, bado.*

Februari nilimkuta kamba wangu wa mistari,
niliyempa jina la mwalimu wangu wa hesabu, Bi Pavliki,
yu chini mchangani, kifua kimepasuka,
na juu yake mnyoo wa pinki, mrefu kama kalamu,
miiba pande zote, anakula bila aibu.
Kidhibiti kilikuwa mdomoni.
Sikuuliza. Nilichukua kibano,
nikamtupa chooni, nikavuta maji.
Daftarini: MUUAJI. Mstari mara mbili.
Kutwa nzima vidole vikaniwasha ndani ya glavu,
miiba yake ikinieleza jambo
kwa lugha ambayo sikuwa na subira nayo.

Usiku wa tisa: tak.
Bomba, akasema Garth. Akashuka na spana,
akakaza kila kinachokazika.
Tak.
Mzee Olufseni wa juu akagonga sakafu kwa fimbo,
akidhani tunamwita.
Tak.
Asubuhi konokono wawili, magamba yametobolewa
duara safi, kama tundu la kifungo.

Nikakaa gizani hadi macho yakazoea.
Upande wa jiwe ambao sikuwahi kuugeuza,
shimoni, macho mawili juu ya vijiti,
kila moja likitazama kwake,
na ngumi zimekunjwa kifuani kama za anayesali.
Vunjajungu. Si yule wa majanini,
ambaye ukimgusa, wasemavyo, chungu kitakuponyoka.
Huyu hana haja ya mkosi. Hupiga mwenyewe,
na kioo changu ni cha milimita sita.

Kwa hiyo mnyoo yule alikuja msibani tu.
Nilimkuta anayesafisha, nikamhukumu kwa uchafu.
Mwosha huoshwa, sawa,
lakini si kwa maji ya choo.

Vunjajungu nilimnasa kwa chupa ya soda.
Garth alishika ndoo akasema, haya, mmalize.
Sikuweza. Si huruma;
nilikuwa nimeshakosea mara moja mwezi ule.
Sasa anakaa chini, karibu na tanuri la nyumba,
kwenye ndoo yake mwenyewe, na bomba lake la plastiki la kujificha,
na Garth kila jioni hushuka na kahawa
kukagua mabomba. Hukaa huko muda mrefu.
Humsikia nikiwa jikoni: *Piga basi. Piga.*

Nimefuta MUUAJI. Nimeandika MZISHI.
Wino ule wa kwanza umepenya ukurasa wa pili,
umeivuruga orodha ya chakula.

Jana alfajiri, chini ya jiwe,
ncha ya pinki, nyembamba kuliko kope,
ikatoka, ikanusa maji, ikasita.
Sijui kama ni mwanawe.
Sikuandika kitu.
Nikazima tochi.