Mtoto wa Jicho

Alinipigia Mwalimu Anasia wa Kidia, mwezi wa saba,
asubuhi ya baridi ambayo hata jogoo huwika amejikunyata.
"Fundi, dirisha langu lina mtoto wa jicho.
Nafuta kwa ndani, nafuta kwa nje,
ukungu uko palepale, unanitazama."

Nikapanda mlima na boksi la vyombo,
moyoni nikisema ni uchafu tu, wazee hawaoni vizuri.

Vioo viwili.
Viwili, katika fremu moja,
na katikati nafasi ya upana wa kidole cha mtoto.
Kaka yake, Ndekirwa, alipakia madirisha kumi na moja
kwenye kontena huko Bremen, mwaka aliodhani anarudi.
Baridi ya kule aliiogopa kwa niaba ya dada yake.
Yeye hakurudi. Madirisha yalifika.

Mimi ni fundi wa Majengo, Moshi mjini.
Nimezoea nondo, wavu wa mbu, kioo cha milimita nne,
na putti unayoifinyanga kiganjani kama tonge.
Huyu mgeni sikuijua lugha yake.
Lakini kilichofungwa na mtu hufunguliwa na mtu.

Chini ya fremu, vitundu vitatu vya kutolea maji:
nyigu wamejenga humo kwa udongo, wamezaa, wamehama.
Nikavizibua kwa spoku ya baiskeli,
maji ya masika yakashuka, yananuka chura.
Mpira umekakamaa. Gundi nyeusi imechoka kushika.
Nikapitisha kisu polepole, kama anayemvua mgonjwa shati,
vikaachana.

Kati yao, pembezoni, kuna mwanzi wa alumini,
na ndani ya mwanzi, chembe ndogo kama mtama
ambazo kazi yake maisha yote ni kunywa unyevu.
Zilikuwa zimekunywa mpaka zikashindwa.

Moshi nzima nilizunguka kutafuta chembe hizo.
Wenye maduka walinitazama kama mtu anayeuliza bei ya kivuli.
Ndipo nikakumbuka vile vifuko vidogo
vinavyolala ndani ya maboksi ya viatu vipya,
vile tunavyowaambia watoto wasile.
Shemeji yangu Siael ana duka karibu na stendi.
Vifuko mia na ishirini. Nikavikausha juu ya kikaango
mpaka vikawa vikavu kuliko salamu ya afisa ardhi.

Sasa sikia.
Kioo kimoja kina nyuso mbili. Viwili vina nne.
Mbili unazifuta kila Jumamosi;
mbili zikishafungwa, hakuna mkono utakaozigusa.
Na kwenye uso wa tatu, kona ya chini,
palikuwa na alama ya kidole gumba.
Si cha mwalimu. Si changu. Ndekirwa hakufika kiwandani.
Mtu fulani, pengine kengele ya chakula imelia,
alikisukuma kioo kwa haraka, akaondoka.

Nilishika kitambaa chenye spiriti.
Kazi safi ni kazi safi.
Mkono ukakataa, nikamwita mwalimu.
Alivaa miwani, akainama, akakaa vile
mpaka chai yake ikaota ngozi.
"Miaka kumi na tisa," akasema, "tumeishi naye na hajadai kitu.
Mwache."

Nikamwacha. Nikafunga.
Hewa ya Bremen ilikwisha kutoroka, sijui mwaka gani;
niliyoifungia humo ni ya Kidia:
moshi wa kuni, zizi la ng'ombe, kahawa iliyoanikwa uani.

Sikumwahidi milele.
Nilimwambia: vaselini kwenye mpira kabla ya kipupwe,
tone la mafuta ya cherehani kwenye kitasa,
na hii spoku, nakuachia. Tuonane baada ya masika.
"Na mengine kumi?" akauliza.
Nikayazungukia moja moja na tochi.
Tisa yanaona.
La jikoni limeanza kulengwalengwa.

Nimeteremka na nusu ya hela na mkungu wa ndizi begani.
Siael ananiuliza siku hizi, mbele ya wateja,
kwa nini kila boksi likifunguliwa
nachungulia kwanza, kabla ya mwenye mguu.