Maji ya Ndosho

Jumamosi, kabla kuku wa Mama Kavira hawajaamka,
nilisikia chukudu ikilia juu ya mawe.
Nikajua ni Paluku, anapanda kutoka ziwani
na madumu kumi na mawili,
safari ya tisa tangu Jumatano.

Huku Ndosho hatuna maji ya kumzamisha mtu.
Tuna mawe meusi yaliyowahi kuwa moto,
tuna vumbi linaloingia hata katikati ya Zaburi,
na birika la ubatizo tulilolijenga kwa saruji ya deni,
ambalo kwa miezi minane lilikuwa kitanda cha paka.

Mimi ndiye mchungaji. Nina suti moja, ya kijivu.

Ijumaa tulikuwa tumegombana.
Mama Nsimire wa maombi alitaka mkesha,
mimi nilitaka watu walale, waje na sauti zao.
Shemasi Ndoole, mwenye daftari la sadaka,
aliuliza mara tatu nani atalipia madumu.
"Kila mtu na wito wake," nikasema,
kwa sauti ile yenye maana ya: wangu kwanza.
Mama Nsimire alifunga kitenge chake upya
akatoka bila kuaga.

Paluku alikuwa mlangoni, amekuja kuuliza saa ya ibada.
Akasema, kama anayejisemea:
"Pasta, chukudu haina injini.
Pale juu ya Kituku mlima unakataa.
Mimi nashika usukani, ndiyo,
lakini mtoto asiposukuma nyuma
maji yanarudi ziwani, na mimi nayo.
Yule mtoto haoni uso wangu, anaona mgongo.
Mimi simwoni kabisa.
Najua yupo kwa sababu sirudi nyuma."
Kisha akauliza tena: saa ngapi?

Jumapili nilimkuta Mama Nsimire kwenye benchi,
amesinzia, viatu mkononi.
Mkesha aliufanya peke yake.
Na Ndoole, miwani puani, suruali imekunjwa hadi magotini,
alikuwa ndani ya birika akisugua alama za paka
kwa sabuni aliyoinunua mwenyewe
na ambayo hakuiandika popote.

Maji yalikuwa baridi, yananuka kamba na sambaza.
Wa kumi na saba alikuwa Riziki,
ambaye ziwa lilimchukulia baba.
Alifika ukingoni akakataa, meno yanagongana.
Nilimsomea aya. Nikamsomea nyingine.
Mama Nsimire akaingia na kitenge chake chote,
hakusema neno, akampa mkono.
Mimi nilishika mgongo, yeye alishika vidole.
Riziki akazama, akatoka, akacheka kwa kikohozi.

Usiku niliandika ripoti ya sinodi:
*Nilibatiza watu kumi na saba.*
Taa ikapungua mafuta. Nikaisoma tena.
Nikakata neno la kwanza, nikaandika *Walibatizwa*,
na nani, sikuandika.
Karatasi ilikuwa ndogo.

Nilikuwa nimetoka nje mchana ule kumshukuru Paluku.
Alishaondoka, kulikuwa na viazi vya kubeba Sake.
Mlangoni palibaki mstari wa maji
na mawe yalikuwa yanaumaliza.

Jumamosi iliyofuata nilivua koti la suti,
nikalitundika kwenye mimbari, nikashuka Kituku.
Mgongo wa Paluku ni mpana, shati lake lina kiraka cha buluu.
Mlima ulipokataa, nilisukuma.
Hakugeuka.