Mkono wa Kadi

Kadi ya mtandao niliing'oa kwenye mashine iliyokufa
sokoni Kadutu; dola sita, bila boksi.
Kompyuta ya zahanati ni mpya, kumbukumbu giga kumi na sita,
na usiku wote pakiti zinapotea.

Saa tisa ndipo nikaelewa: kadi hii
inajua biti thelathini na mbili tu.
Ikimaliza giga ya nne namba zinaiishia,
inarudi sifuri, inamwaga barua
mlangoni kwa mtu mwingine.

Hata bomba letu haliongopi hivyo.
Maji hupanda hadi kwa Mama Nabintu, basi;
sisi wa juu tunashuka na bidoni.

Nikaandika mstari mmoja ndani ya dereva:
mkono wake unaishia hapa.
Sasa kiini kinaipokelea bondeni,
kisha kinapandisha, nakala kwa nakala,
kama Cito na lita zake ishirini,
matone yakimfuata kwenye ngazi za udongo.

Ni polepole, ndiyo.
Lakini alfajiri majibu ya damu kutoka Nguba
yalifika,
na jina lilikuwa la mgonjwa yule yule.