Mke wa Tatu

Katika daftari la usharika, ukurasa ulioliwa na mende,
wameandika: *Namkunda, mke wa tatu wa Mangi Mleli, mtu wa Upare.*
Basi. Mstari unaofuata ni hesabu ya mabati.

Mimi kitukuu chake nina la kuongeza.

Aliolewa kwa ajili ya chuma.
Baba yake alikuwa mfua vyuma, na Mangi alitaka mikuki isiyopinda.
Akapanda huku juu ya Moshi na wanaume wanane,
wamejitwika mizigo inayogongana,
yeye kabeba chungu kimoja kilichofungwa kwa ngozi,
asimwambie mtu kina nini.
Wake wenza wakacheka matamshi yake,
wakamwita Wa Bondeni,
ingawa kwao nako ni milima.

Barazani hakukaa. Nani angemkalisha?
Ila mbege ilikuwa mkononi mwake,
na desturi ya huku ni moja: aliyepika huonja kwanza,
watu waone kwamba hajafa.
Kwa hiyo kila shauri la nchi
lilipita kwanza mdomoni mwa mgeni.
Kisha kata. Ampe nani, amruke nani?
Mzee aliyezoea kunywa wa tano
akipewa wa pili,
jioni ile alisema kwa sauti ya mtu wa pili.

Mwaka wa ugomvi wa mfongo
vijana walinoa chuma cha babake hadi usiku.
Mangi akasema: tunywe, kisha twende.
Namkunda akasema: ulezi haujaota.
Siku ya nne, haujaota. Baridi hii, Mangi.
Siku ya saba Mangi akakuta jani la isale
limelala juu ya kigoda chake,
akasimama kitambo, hakukaa, hakuuliza.
Wakagawana maji kwa zamu.
Ulezi ukaota kesho yake.

Alipokuja mchungaji mwenye ndevu za rangi ya mahindi,
Mangi alimnyima kiwanja mara tatu.
Mara ya nne akampa, palepale penye maharage ya Namkunda,
na wote tunajua nani aliyeyang'oa mapema.
Wakajenga. Kengele ikapanda.
Halafu wakamwambia: mke wa tatu habatizwi.

Miaka kumi na tisa alikaa nje ya mlango,
juu ya jiwe, shuka mabegani,
akisikiliza nyimbo kupitia ufa wa mbao.
Watu wakaja kumsalimu kabla ya ibada,
wakamwuliza la mpaka, la mahari, la mtoto mkaidi,
wakaingia ndani wakiwa wameshajibiwa.

Mangi alipozikwa, wakambatiza Elisabeti.
Jina zuri. Hakuliitikia hata siku moja.
Kile chungu kilikutwa nyuma ya kitanda,
ngozi bado imefungwa,
na sisi, kwa woga au adabu,
hatujakifungua mpaka leo.

Juzi ukoo ulikutana, suala la kuuza shamba.
Wanaume kwenye viti vya plastiki.
Kaka Ndelilio akanigeukia, mkono hewani:
dada, nyinyi mtatuhudumia.

Nikachota. Nikaonja, polepole, wote wakinitazama koo.
Mbege ilikuwa kali kidogo.
Nikainua kata, nikapitisha macho
kutoka kiti hadi kiti,
bila haraka yoyote,
nikitafuta wa kwanza.