Mizani ya Jibini

Jachen hana mizani dukani,
kwa hiyo ameazima ya mkewe, ya kupimia jibini;
bado inanuka maziwa.
Anaweka kibano cha kwanza: gramu mia na tisini.
Cha pili, chenye breki: mia tatu na arobaini.
Kisha ananitazama
kana kwamba mizani imekwisha kusema yote.

Nakishika kile chepesi.
Mbele pini mbili, meno ya panya,
zinazouma buti katika vitundu vya ncha yake.
Nyuma pini nyingine mbili na springi ndogo.
Basi. Chuma kilichofunga saumu.
Na bei yake, Mungu wangu:
katika bonde hili, kadiri unavyopunguziwa chuma
ndivyo unavyoongezewa deni.

“Piga hesabu, Aita,” anasema.
“Toka kanisani hadi mwanya wa mlima, hatua elfu sita.
Kila hatua unainua buti, na ski,
na ngozi iliyobandikwa chini yake, na hiki.”
Haba na haba, anataka kuniambia,
na kibaba chenyewe ni goti langu
ambalo daktari wa Chur alilifungua mwezi wa tisa
akalishona kama gunia.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Jachen hajapanda tangu abadilishwe nyonga;
hatua zangu anazihesabu akiwa ameketi.

Lakini sibishani naye. Mimi mwenyewe
nimekata mpini wa mswaki.
Nimeng'oa lebo zote za koti.
Duri nimeacha kupanda naye, kwa sababu huongea,
na maneno yake, kufikia saa nne asubuhi,
huwa nimeyabeba mimi.
Najua gizani, taa kichwani, kisigino kikiwa huru,
mlima hukufundisha mizani yake:
hatua, pumzi, hatua, pumzi,
kituo.

Ila mlima una upande wa pili.

Mwaka ule na Seraina, chini ya mwamba mweusi,
tulikuwa na vibano vyepesi, bila breki.
Alianguka vizuri, kibano kikamwachia vizuri,
na ski ya kushoto ikaondoka peke yake,
haina haraka, haina aibu,
kama mgeni aliyekumbuka ana miadi kwingine.
Kamba ya kuifunga mguuni?
Alikuwa ameiacha mezani. Gramu ishirini na tano.
Tuliteremka saa sita, theluji kiunoni,
yeye akilia kwa hasira, mimi nikicheka kwa hofu.
Mwezi wa sita ng'ombe wa akina Otmar
walikutwa wakiilamba.

Kwa hiyo namuuliza Jachen swali moja tu:
kipi kinajua kuachia, na kikishaachia, kinajua kusimama?

Ananyamaza. Anachukua bisibisi.
Kwenye kisigino cha kile kizito
anageuza namba: saba, sita, tano na nusu.
Chepesi hakina namba ya kugeuza;
kiliamua kiwandani, kabla hakijaniona,
kabla hakijaliona goti.

“Tofauti ni gramu mia na hamsini,” ananung'unika, “kila mguu.”
“Basi nipimie mia tatu za jibini,” nasema, “ile ngumu.”
Anapima. Naila hapohapo, nimesimama,
ganda na yote,
huku yeye akibandika karatasi ya alama kwenye ski
na kuwasha keekee.

Najua, najua: jibini haijaenda popote,
imehama tu, toka mizani hadi tumboni.
Lakini kwa tumbo sijawahi kuanguka.

Keekee inalia. Tundu la kwanza. La pili.
Ukishatoboa, umetoboa.
Naingiza buti, nakanyaga:
ta.
Navuta mguu pembeni kwa nguvu zangu zote,
na kile chuma kinafikiri kidogo,
kisha kinaniachia.