Mishono Iliyorukwa

Cherehani yangu ya miguu, hapa Isevya,
ikiruka mshono naisikia kabla sijauona:
mlio unapungua, kitambaa kinasita,
nafuta sindano, nageuza gurudumu, naendelea.
Moyo wangu ulipoanza kuruka
nilidhani ni cherehani.
Nikaitia mafuta siku tatu.

Ya nne nilianguka na sare ya shule mapajani,
mkono mmoja umeshonwa, wa pili bado.

Kule Kitete wakanibandika nyaya kifuani,
karatasi ikatoka na milima isiyolingana,
na daktari, kijana wa haraka na adabu,
akauliza, "Mama Kabula, unajisikiaje?"
Nikasema, vizuri.
Mtu angeanzia wapi?
Maneno yangu yote yalikuwa ya nguo.

Alhamisi, kwenye benchi la dirisha la dawa,
ndipo nilipowakuta wenye maneno.

Kapela, aliyegeuza njia za reli miaka thelathini,
alisema wake ni treni ya mizigo usiku:
"Mabehewa yanapita, ta-ta, ta-ta,
halafu kimya, unalisubiri linalofuata,
halafu yanakuja matatu kwa pamoja."
Nyanzala akasema, perege wa Igombe,
mzima, amefungwa ndani ya kanga.
Msongela hakusema kitu. Alipiga vidole
kwenye bati la dirisha, sote tukainamisha vichwa:
ndiyo. Ndio wenyewe.

Nilicheka mpaka nikalia. Miezi saba
nilikuwa nimeubeba kama deni la siri.

Tangu hapo tunagawana kila kitu, hata aibu.
Nyanzala alipelekwa Dar, wakamlaza usingizi,
wakaupiga umeme mara moja, ukanyooka,
ukatulia wiki sita, kisha ukarudia tabia.
"Kama mume," akasema,
na muuza dawa akatugongea kioo tunyamaze.
Kapela ana betri chini ya ngozi.
Alinipa niiguse: ngumu, kama kipande cha sabuni
kilichosahauliwa mfukoni.
Mimi nameza kidonge cha kuifanya damu nyepesi;
sindano ikinichoma kidole nakaa dakika kumi
nimeinua mkono kama mwanafunzi anayejua jibu.
Na nsansa! Nani angeniambia habari ya nsansa,
kwamba mboga ya mama yangu inabishana na dawa?
Daktari alisema, "Punguza majani."
Nyanzala alisema, "Kula, ila kila siku kiasi kile kile,
kikombe hiki," na kikombe akakileta,
cha bati, kimebanduka rangi ukingoni.

Msongela aliacha vidonge mwezi wa sita.
Moyo ulikuwa umetulia, asali imeiva msituni,
na mzinga haumngoji mtu.
Tulimwona tena mwezi wa nane,
mdomo umeelemea upande, mkono wa kushoto
umelala pajani kama wa kuazima.
Hatukumsema. Kapela alisogea, akampa nafasi.
Siku hizi namkatia vidonge, nusu na robo,
kwa mkasi wangu mdogo wa kutobolea vifungo,
naye ananipigia bati kwa mkono wa kulia
nijue leo ameamkaje.

Saa nane za usiku, moyo ukishika njia zake,
nampigia simu Nyanzala. Haulizi nani.
"Unaruka?"
"Unaruka."
"Haya, hesabu nami."
Tunahesabu, yeye Ng'ambo, mimi Isevya,
katikati stesheni yenye taa moja.
Hesabu zetu hazijawahi kukutana:
mimi nikifika arobaini yeye yuko thelathini na tatu,
ananingoja au namngoja, sijui,
mpaka mmoja wetu anakoroma.

Ile sare niliimaliza.
Mkono wa pili umeruka mishono miwili, karibu na kwapa.
Mtoto mwenyewe hajui.
Namwona asubuhi akipita dirishani,
amechelewa, anakimbia nayo.